Mizani kwanza, bei baadaye: kujiandaa kwa mkataba wa hali bora kwenye kiwanda cha korosho

Msimu ukikaribia, kwenye viwanda vya kubangua korosho vya huku kwetu, iwe Mtwara mjini, Newala, Masasi au Lindi, swali huwa moja: safari hii tudai shilingi ngapi kwa kilo? Ni swali la haki. Lakini mimi niliyekaa kwenye kitengo cha kumenya, yaani kutoa ngozi ya punje zilizokwisha kubanguliwa, kabla ya kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi nawaomba mliweke pembeni kwa muda. Anayelipwa kwa kilo anatakiwa ajue kwanza kilo yake inapatikanaje: nani anapima, kwa chombo gani, anatoa nini na anaandika wapi. Bei inaweza kupandishwa mbele ya watu wote siku ya kusaini, halafu ikaliwa kimyakimya mizanini mwaka mzima.

Naandika kwa ajili ya viongozi wa matawi, hasa wale waliochaguliwa juzi na wanaosikia neno "majadiliano" wakadhani ni kazi ya watu wa mkoani peke yao. Majadiliano hayo ndiyo yanayozaa mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri kuhusu malipo na masharti ya kazi ya wote. Wenzetu wa halmashauri na mamlaka za umma wana utaratibu wao chini ya Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003, lakini habari ya daftari na ya kikao cha wanachama itawafaa na wao. Chama chenu kinaweza kuwa TUICO cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, TPAWU cha mashambani na kilimo, au kingine. Maandalizi ni yaleyale.

Hesabuni watu wenu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inakipa chama kilichosajiliwa haki ya kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi pale kinapokuwa na wanachama zaidi ya nusu katika eneo la majadiliano, yaani kundi la wafanyakazi ambao mkataba utawahusu. Chama kinampelekea mwajiri taarifa kwa fomu maalumu, na mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho ili waandikiane makubaliano ya kutambuana. Siku zikipita bila kikao, au kikao kikivunjika, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, na likishindikana huko linakwenda Mahakama ya Kazi.

Kwenye korosho idadi ndiyo inayosumbua kuliko mahali pengine. Mzigo ukiwa mwingi kiwanda kimejaa, mzigo ukiisha watu wanarudi mashambani, na msimu unaofuata nusu ya nyuso ni mpya. Tawi lililokuwa na wengi mwezi wa tatu linaweza kuwa na wachache mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo uandikishaji ufanyike wiki ileile wageni wanapopewa kadi za kazi, na afanye mtu wa kitengo chao wanayemjua. Msiwaache watu wa msimu kwa kudhani hawana haki. Sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi wa msimu naye anastahili likizo yenye malipo, na ukimweleza hilo kwa utulivu wakati wa chai, fomu ya uanachama ataiomba mwenyewe.

Kuhusu wawakilishi, sheria inaruhusu mmoja pale wanachama wasipozidi 9, watatu kwa wanachama 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na 15 wakizidi 100. Wakizidi 100, watano angalau wawe wa kuwawakilisha wanawake. Kwa kiwanda cha korosho hao watano ni wachache mno, maana kwenye kumenya na kupanga madaraja ukigeuza shingo huku na huku unaona mama watupu. Kamati ya majadiliano iwe na mtu kutoka kila kitengo: kubangua, oveni, kumenya, kupanga madaraja, ghala, na msisahau boila. Mtu wa boila ndiye anayejua mvuke ulikosekana saa ngapi na kwa nini. Chagueni wenye kusikiliza na kutunza siri. Msemaji hodari asiyejua kunyamaza atawamwagia mpango wote siku ya kwanza.

Daftari

Hapa ndipo nataka mtumie nguvu zenu nyingi. Nunueni kaunta buku, kila kitengo kiwe na yake na mtu wake wa kuandika. Kila siku aandike tarehe, saa kazi ilipoanza, saa walizokaa kusubiri na sababu yake, mara ngapi watu walipima, kilo zilizosomwa kwenye mizani, kilo zilizoandikwa kwenye kadi, na zilizokataliwa. Mwandike kipindi mzigo ni mwingi na kipindi mzigo ni mdogo. Daftari la wiki moja mwajiri atalipuuza. Daftari la msimu mzima hawezi.

Anzeni na mizani yenyewe. Mizani ya biashara hutakiwa kuhakikiwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo, na ikihakikiwa inawekwa alama. Angalieni alama hiyo ipo na ni ya mwaka gani. Kisha wekeni juu yake pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, mbele ya mpimaji, bila ugomvi, muone inasoma ngapi.

Halafu beseni. Mmenyaji hupeleka punje kwenye beseni, na mpimaji hutoa uzito wa beseni. Mara nyingi anatoa kwa kukisia, nusu kilo kila mara, kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Pimeni beseni tupu. Tuchukue mfano: beseni lina gramu 350, yeye anatoa 500. Gramu 150 zimepotea. Mama akipima mara nane kwa siku amepoteza kilo moja na gramu 200. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 31 na ushee. Kama kilo inalipwa shilingi 1,000, hiyo ni shilingi 31,200 kwa mwezi. Sasa tuseme mama huyohuyo anamenya kilo 12 kwa siku na ninyi mmepigana mpaka bei ikapanda shilingi 50 kwa kilo: ameongeza shilingi 15,600. Beseni limechukua mara mbili ya mlichokileta. Wekeni namba zenu halisi mahali pa hizi za mfano, mkawasomee wanachama. Nimeona ukumbi mzima ukinyamaza kwa hesabu hiyo.

Baada ya mizani, fuatilieni oveni. Korosho iliyokauka sawasawa, ngozi yake inaachia kwa kusuguliwa na kidole gumba tu, inapukutika kama ganda la kitunguu. Iliyotoka haijakauka, ngozi inang'ang'ania, inabidi uikwangue kwa kisu, na kisu ndicho kinachovunja punje. Jioni msimamizi anahesabu vipande na kumkata mmenyaji, wakati kosa limeanzia kwenye moto. Andikeni kila trei iliyoletwa ikiwa na unyevu: saa iliyotoka, idadi ya trei, na nani alikuwa zamu ya oveni. Msiandike ili mwenzenu wa oveni aadhibiwe. Mara nyingi ameambiwa atoe mapema kwa sababu gari la mzigo linasubiri. Andikeni ili mkataba useme wazi kwamba punje zilizovunjika kwa sababu ya unyevu hazikatwi kwa mmenyaji.

Jambo la tatu ni ukubwa wa punje, na hili mameneja hawapendi kuliongelea. Wote tunajua madaraja: W180, W240, W320, W450. Namba hiyo ni idadi ya punje nzima zinazoingia kwenye ratili moja. Ratili mbili na kidogo ndizo kilo. Maana yake kilo ya W240 ina punje kama 530, na kilo ya W450 inakaribia punje 1,000. Mama aliyepewa mzigo wa punje ndogo anashika punje karibu mara mbili ya jirani yake ili apate hela ileile. Bei moja kwa saizi zote ni dhuluma, hata kama iliyotajwa ni kubwa. Kaunta buku ionyeshe kila mtu alipewa saizi gani siku gani, na hapo mtaona pia kama kuna wanaopewa punje kubwa kila siku kwa kupendelewa.

Kwa wabanguaji, andikeni mikono. Mafuta ya ganda yanaunguza, na kila aliyekaa kwenye mashine ya kubangua anajua ngozi inavyogeuka nyeusi na kubanduka. Nani aliunguzwa, tarehe ngapi, alikosa kazi siku ngapi, glavu zilitolewa lini na zilidumu muda gani, mafuta ya kupaka mikono nani aliyanunua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Kama watu wananunua glavu sokoni kwa hela yao, tunzeni risiti.

Na saa za kusubiri. Umeme umekatika, boila haina mvuke, mzigo haujafika kutoka ghalani, na watu wamekaa kwenye mabenchi kuanzia saa mbili mpaka saa tano. Kwa anayelipwa kwa kilo hizo ni saa za bure. Jumlisheni za mwezi. Kisha chukueni siku mbovu kuliko zote kwenye daftari, siku ambayo mtu alifanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni, muilinganishe na kima cha chini cha siku kwenye Amri ya Mishahara inayotumika. Amri hiyo hutaja kiwango cha saa, cha siku, cha wiki na cha mwezi. Malipo ya siku yakiwa chini ya kima hicho, suala hilo limeshatoka kwenye madai na kuingia kwenye uvunjaji wa sheria, na lina njia yake kwa ofisa kazi.

Kikao cha wanachama

Msikifanye jioni baada ya zamu. Mtu anayerudi Naliendele au Mikindani kwa miguu au kwa kusubiri gari, na nyumbani kuna watoto, hatabaki. Ombeni saa ndani ya muda wa kazi. Sheria inampa chama nafasi ya kuwaona wanachama wake ndani ya eneo la kazi, kwa masharti ya kawaida ya kutovuruga shughuli. Angalieni pia kalenda ya watu: Ramadhani, na zile wiki za likizo za shule ambapo akina mama wengi wana shughuli za unyago za watoto wao. Ukiitisha kikao siku hizo utapata watu kumi na utasema umepata ridhaa.

Lugha nayo muiangalie. Kuna bibi zetu kwenye kumenya wanaosikia Kiswahili vizuri lakini wakitaka kusema jambo zito wanalisema kwa Kimakonde, na upande wa Lindi kwa Kimwera. Waachieni waseme hivyo, na mtu aandike. Bibi mmoja wa kitengo chetu alieleza kwa dakika mbili habari ya trei za unyevu ambayo kamati nzima ilikuwa inaizungukazunguka.

Usiwaulize watu "mnataka nini?" Watajibu "hela", na wana haki. Waulize: jana ulipoteza wapi? Wiki iliyopita ulikaa bure saa ngapi? Mkishapata orodha, ni lazima muipunguze, maana madai 30 ni sawa na kutokuwa na dai. Njia tuliyoiona inafaa: wekeni makopo, kila kopo na dai lake, kila mwanachama apewe punje tatu za mahindi atumbukize anapotaka. Asiyejua kusoma anaelezwa kila kopo ni la nini. Hesabuni hadharani. Meneja akija kusema "hayo ni ya viongozi tu", mna matokeo.

Barua ya kuomba taarifa

Mwajiri aliyekitambua chama anawajibika kukipa taarifa zinazohusika na majadiliano. Ombeni kwa maandishi, wiki kadhaa kabla: idadi ya wafanyakazi kwa kila kitengo na aina ya mikataba yao, jumla ya mishahara, uzalishaji kwa kila daraja, muda mashine zilizosimama, cheti cha uhakiki wa mizani, na uthibitisho wa michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huu wa fidia ni mzigo wa mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa kwenye hati ya mshahara, uliza. Anaweza kukataa kutoa siri itakayoumiza biashara, au taarifa binafsi za mtu ambaye hajaridhia. Mkipewa cha siri, kisitoke nje ya kamati. Picha moja kwenye kundi la WhatsApp la tawi inatosha kufunga mlango huo kwa miaka.

Kuandika madai

Kwanza ondoeni yale ambayo tayari ni sheria: wiki isiyozidi saa 45 za kawaida, saa za ziada kulipwa mara moja na nusu, nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku, malipo maradufu kwa sikukuu, likizo ya siku 28, uzazi siku 84 au 100 kwa mapacha. Hayo yadaini yatekelezwe, lakini msiyakubali mezani kama zawadi. Nimewahi kuona rasimu ya mwajiri yenye kurasa nne ambayo ukitoa yaliyomo kwenye sheria inabaki nusu ukurasa.

Kisha kila dai liandikwe kama kifungu kamili ambacho kinaweza kusainiwa kilivyo. Mfano wa kifungu cha kupima:

"Kila beseni litapimwa likiwa tupu na uzito wake kuandikwa ubavuni kwa rangi. Uzito utakaotolewa ni huo ulioandikwa tu. Mmenyaji, au mwakilishi wa kitengo, atasimama mahali anapoona kioo cha mizani, na kilo zitaandikwa kwenye kadi kwa kalamu ya wino kabla beseni halijaondolewa. Mizani isiyo na alama ya uhakiki ya mwaka husika haitatumika."

Fanyeni hivyohivyo kwa unyevu, kwa bei ya kila saizi, kwa malipo ya saa za kusubiri na kwa glavu. Bei ndiyo ije sasa. Kubalianeni ndani ya kamati kiwango mnachoanzia, mnachokitarajia, na kile ambacho chini yake mnarudi kwa wanachama kuuliza. Hicho cha mwisho kisiandikwe kwenye karatasi itakayoingia chumbani.

Kuhusu wakati, barua ya madai itoke Juni au Julai. Minada ya korosho ghafi huanza Oktoba, na mwenye kiwanda anapanga hela yake kabla ya hapo. Akishanunua mzigo atawaambia fungu limekwisha, na kwa namna fulani atakuwa anasema kweli.

Siku zenyewe

Fanyeni mazoezi. Mmoja awe meneja, na awe mkali kweli: aseme soko la dunia limeshuka, aseme kiwanda cha jirani kinalipa chini, aseme mtafukuza wawekezaji. Msemaji mkuu, kwa kawaida ofisa wa chama wa mkoa au kanda, ajibu kwa kurudi kwenye daftari. Wengine wasiingilie, anayetaka kusema amwandikie kikaratasi, au aombe kikao kisimame dakika kumi mtoke nje mkazungumze. Mmoja kazi yake iwe kuandika tu. Kila jioni pande zote zisaini yaliyokubaliwa siku hiyo, hata kama ni kifungu kimoja cha beseni.

Kikikwama, kuna CMA ya mkoa, na usuluhishi wake una siku 30. Baada ya hapo sheria inaruhusu mgomo kwa notisi ya saa 48 na kwa kura ya wanachama kulingana na katiba ya chama. Naheshimu sana haki hiyo, ndiyo maana nasema isitajwe tajwe kila mwajiri anapokunja uso. Watu wa kilo hawana akiba. Waulizeni wanachama kwa ukweli wana chakula cha siku ngapi ndani kabla hamjaahidi jambo.

Mkataba ukishasainiwa unawafunga wote kuanzia saini ya mwisho, isipokuwa wenyewe useme tarehe nyingine, na unawahusu hata wasio wanachama kama chama ndicho msemaji pekee. Usomeni kwa sauti kwenye kila kitengo, kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, watu waulize. Nakala moja iwasilishwe kwa Kamishna wa Kazi; muipitishe ofisi ya kazi ya mkoa, na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa siku hiyohiyo mkiwa bado mmesimama dirishani.